Webuye na Mto Nzoia: Haki za Mkazi Pale Kiwanda Kinapoleta Ajira na Maji Taka

Wakazi wa siku nyingi wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, huigawa historia ya mji wao kwa pua. Kuna miaka ambayo mji ulinuka na kuna miaka ambayo haukunuka. Miaka ya harufu ndiyo iliyokuwa na mishahara.

Kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho watu walizoea kukiita Pan Paper, kilianzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC). Kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Kilisimama mwaka 2009 kikiwa kimelemewa na madeni, likiwemo deni la umeme. Jitihada za serikali za kukifufua hazikudumu, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900. Uzalishaji ulirejea, ingawa si kwa ukubwa wa zamani.

Kila mara habari za kiwanda zinapotajwa, iwe hiki cha karatasi au kingine chochote kinachotafuta ardhi kando ya Nzoia, swali la kwanza barazani huwa ni moja: kazi ni ngapi? Swali hilo ni halali. Makala haya yanaeleza maswali mengine ambayo mkazi ana haki ya kuyauliza siku hiyo hiyo, na afisi zinazopaswa kuyajibu.

Kwa nini Webuye

Kabla ya uhuru mji huu ulijulikana kama Broderick Falls, jina walilolitumia wakoloni kwa maporomoko ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Juu yake kuna vilima vya Chetambe, mahali ambapo mwaka 1895 Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na bunduki za kisasa, wakapoteza watu wengi. Reli ya kutoka Nakuru kupitia Eldoret kuelekea Uganda ilijengwa kupitia hapa katika miaka ya 1920, na baadaye barabara kuu ya kwenda Malaba. Njia ya Kitale nayo huchepuka papa hapa, kupitia Lugulu, Misikhu na Kamukuywa.

Kiwanda cha karatasi kinahitaji miti, usafiri, umeme na maji mengi. Miti ilipatikana katika misitu ya kupandwa ya nyanda za juu, na sehemu ya msitu huo haikuwa mbali, kule Turbo. Usafiri ulikuwepo. Maji yalikuwa ni Nzoia, mto usiokauka, unaoanzia milima ya Cherangany na miteremko ya Mlima Elgon. Kwa teknolojia ya wakati ule, tani moja ya karatasi ilihitaji makumi ya mita za ujazo za maji, na karibu yote yalirudi mtoni baada ya kutumika. Kwa hiyo mto haukuwa pambo la kiwanda. Ulikuwa mtambo wake wa kwanza, ambao haukununuliwa na mtu.

Kinachotokea ndani ya kuta

Wengi waliishi jirani na kiwanda kwa miaka thelathini na zaidi bila kuelezwa harufu ile ilikuwa ya nini. Maelezo yenyewe si magumu.

Gogo la mti limeundwa kwa nyuzi zilizoshikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Karatasi inataka nyuzi, haitaki gundi. Katika njia ya kupika inayotumiwa na viwanda vingi vya aina hii duniani, mti hukatwa vipande vidogo, hutiwa katika mapipa makubwa ya chuma pamoja na soda kali na chumvi za salfa, kisha hupikwa kwa joto la karibu nyuzi 170. Gundi huyeyuka, nyuzi hubaki. Nyuzi huoshwa, hupaushwa zikitakiwa kuwa nyeupe, na kutandazwa kuwa karatasi.

Kile kilichoyeyuka huwa majimaji meusi mazito. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri huyachoma ili kupata mvuke na kurudisha dawa zilizotumika. Salfa iliyomo ndiyo chanzo cha ile harufu ya mayai yaliyooza. Pua ya binadamu huitambua gesi hiyo ikiwa kidogo sana hewani, ndiyo maana ilifika mbali na mji.

Harufu, hata hivyo, haikuwa ndiyo iliyokula mabati. Salfa ikichomwa hutoa gesi nyingine, dioksidi ya salfa, ambayo ikikutana na umande au mvua hugeuka kuwa asidi hafifu. Mabati ya kawaida yana ngozi nyembamba ya zinki juu ya chuma. Asidi hula zinki kwanza, na zinki ikiisha chuma hushika kutu upesi. Wenye nyumba za Webuye walizungumzia jambo hili kwa miaka mingi: mabati yaliyoezekwa hapo hayakudumu kama ya kwingine. Gharama ya kuezeka upya haikuandikwa katika hesabu za kiwanda chochote. Ililipwa na mwenye ploti, naye akaiongeza kwenye kodi ya mpangaji.

Maji yana hesabu yake. Maji taka ya karatasi hubeba vipande vya nyuzi, rangi ya hudhurungi na mabaki ya mti yaliyoyeyuka. Vijidudu vya mtoni hula mabaki hayo, na vikila hutumia hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji, ile ile ambayo samaki huivuta. Kipimo chake hutajwa kwa herufi BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu huo utahitaji ili uoze. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayomwagwa katika mazingira.

Lita moja ya maji safi ya mto katika eneo lenye mwinuko wa Webuye hubeba oksijeni ya miligramu 7 au 8 hivi. Maana yake ni kwamba hata maji taka yaliyotimiza sheria, lita moja, yanaweza kumaliza oksijeni ya lita nne za mto iwapo mto hautapata nafasi ya kuvuta hewa mpya. Mto ukiwa umejaa mwezi wa Mei, jambo hilo halionekani. Mwezi wa Januari au Februari, maji yakiwa yamepungua na kiwanda kikimwaga kiasi kile kile, mambo ni tofauti kabisa. Anayetaka kujua kama kiwanda kinautunza mto na aulizie vipimo vya kiangazi. Vya masika humpendeza kila mtu.

Miaka ya kimya

Kiwanda kiliposimama, hewa ilitakata. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua bila kuijua ile harufu. Lakini hakuna aliyesherehekea, kwa sababu mji wote ulikuwa umejengwa juu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Aliyekuwa na vyumba vya kupangisha alibaki na vyumba vitupu. Duka lililouza kwa daftari lilibaki na daftari. Madereva wa malori ya magogo, mafundi wa mitambo, waliouza chai na chapati langoni wakati wa kubadilishana zamu, wote hao hawakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kiwanda, na hakuna aliyewahesabu walipopoteza riziki. Baadhi ya mafundi walihamia viwanda vya miji mingine. Wengine walirudi shambani kwenye miwa na mahindi, au wakanunua pikipiki.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo mji wa kiwanda kimoja hulibeba. Wakati kiwanda kinafanya kazi, mlalamikaji huonekana adui wa ajira za jirani zake. Kikisimama, hakuna cha kulalamikia. Kwa hiyo malalamiko hayapati msimu wake. Mtu aliyekuwa na mtoto mwenye kikohozi na kaka mwenye kazi kiwandani alijua la kusema nyumbani na la kunyamazia barazani.

Mto wenyewe haukupumzika. Kazi nyingine zilisogea kwenye kingo zake: kufyatua matofali, kuchimba changarawe, kuosha magari na pikipiki, kulima hadi maji yanapogusa jembe. Hakuna hata mojawapo inayotoa moshi wa kuonekana kutoka barabara kuu, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana. Matofali hukatiwa miti ya kuyachoma. Udongo wa shamba lililolimwa ukingoni huingia mtoni kwa mvua ya kwanza. Udongo huo husafiri. Nzoia, wenye urefu wa karibu kilomita 257, ukitoka Bungoma hupita Kakamega na Siaya, kisha huingia Ziwa Victoria huko Budalangi, Kaunti ya Busia, ambako familia huhama makwao kila mto unapovunja kingo. Tope linalojaza kitanda cha mto huku chini ni sehemu ya sababu za mafuriko hayo, na baadhi ya tope hilo ni rutuba ya mashamba ya Bungoma.

Kuni na magogo nayo yana somo lake. Februari 2018 Serikali ya Kitaifa ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Kiwanda kinachotegemea miti ya serikali kinaweza kusimama kwa uamuzi uliofanyiwa Nairobi, hata kama kila mfanyakazi wa Webuye amefika kazini kwa wakati.

Nani anasimamia nini

Mkazi aliye na malalamiko mara nyingi huanza kwa chifu au mwakilishi wa wadi, na hakosei. Lakini ni vyema ajue malalamiko hayo yanaelekea wapi, kwa sababu kazi imegawanywa.

Leseni ya kumwaga maji taka hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), chini ya Sheria ya Uratibu na Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999. Chini ya kanuni za 2006, mwenye leseni alitakiwa kupima maji yake na kuwasilisha rekodi kwa NEMA kila robo ya mwaka. Kuchota maji mengi mtoni, au kumwaga uchafu ndani yake, huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Sheria hiyo hiyo inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo wakazi wa bonde moja huviunda wenyewe. Mwenye ng'ombe, mwenye kitalu cha miche na mwenye kiwanda hukaa meza moja katika chama hicho, jambo ambalo si rahisi kulipata kwingineko.

Je, moshi? Hapa wengi hushangaa. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja miongoni mwa kazi za serikali za kaunti ile ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kaunti pia ndiyo yenye dhamana ya mipango ya ardhi, uzoaji taka, utoaji wa huduma za maji na usafi, pamoja na mitaro ya maji ya mvua. Harufu au moshi unaoingia madarasani si jambo la kuambiwa mkazi aende Nairobi. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo anaweza kulipokea, na ipo Kamati ya Mazingira ya Kaunti, inayoundwa kisheria, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wawakilishi wa wakulima, wafanyabiashara na mashirika ya kijamii.

Juu ya hayo yote kuna Kifungu cha 42 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, na kinaongeza jambo ambalo mkazi wa kawaida halifahamu: mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hahitaji kungoja samaki waelee. Kesi za aina hiyo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa asiyetaka au asiyeweza kumudu mahakama, ipo kamati ya kitaifa ya kupokea malalamiko ya mazingira.

Kabla ya kiwanda kipya kujengwa, au cha zamani kupanuliwa, mwekezaji hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka wanaoweza kuathiriwa watangaziwe kwa mabango, magazeti na redio, kwa lugha rasmi na za wenyeji, na waitwe kwenye mikutano isiyopungua mitatu. Mikutano hii haihudhuriwi na wengi. Tangazo husomwa redioni asubuhi, watu wakiwa shambani au sokoni, na wanaojitokeza huwa ni wale wanaotarajia kazi za ujenzi. Mwenye nyumba ya mabati mita mia nne kutoka kwenye bomba la moshi naye ana sababu ya kufika, na neno lake likiandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano huwa sehemu ya ripoti inayokwenda NEMA.

Ukingo wa mto

Suala la kingo limewagombanisha majirani wengi, kwa hiyo linahitaji kuelezwa. Kanuni za 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya eneo la ukingo lisilopungua mita 6 na lisilozidi mita 30 kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto, likipimwa kuanzia pale maji ya mafuriko makubwa yalipowahi kufika. Mita hizo hazihesabiwi kutoka kwenye maji ya leo. Aliyepima wakati wa kiangazi akapanda sukuma wiki, mwezi wa Aprili anaweza kujikuta yumo ndani ya mto kisheria na kimwili.

Katazo hilo halimnyang'anyi mtu hati yake ya ardhi. Linazuia matumizi fulani. Nyasi za mifugo na miti ya kienyeji inayoshika udongo huweza kuachwa ukingoni, tofauti na mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi na imekuwa ikipandwa kando ya mito kwa ajili ya nguzo na kuni. Kwa maskini wa ardhi, mita 30 ni shamba zima. Hili si jambo dogo, na maafisa wanaokwenda kupima kingo wakiwa na kamba na rangi nyekundu bila kikao cha awali hurudi na ugomvi mkubwa kuliko waliokwenda kuutatua.

Kwa wanaovuna maji ya mvua kutoka kwenye paa karibu na viwanda, kuna tahadhari moja ya nyumbani. Masizi na vumbi hukaa juu ya mabati wakati wote wa kiangazi. Mvua ya kwanza iachwe imwagike chini, na mfereji uunganishwe na tangi baada ya paa kuoshwa. Mabati yenye kutu nyingi hayafai kuvunia maji ya kunywa.

Kuomba vipimo

Kiwanda kinaposema maji yake ni safi na jirani anaposema ni machafu, kinachoamua ni karatasi ya vipimo. Vipimo vinavyowasilishwa kwa mamlaka ya umma ni taarifa iliyo mikononi mwa umma, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa wa taarifa. Afisi iliyoombwa hutakiwa kutoa uamuzi upesi iwezekanavyo, isipite siku 21.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Mwombaji hutaja jina lake na anwani, jina la kiwanda na mahali kilipo, kisha husema anachokitaka: nakala ya leseni ya kumwaga maji taka ya mwaka huu, rekodi za vipimo vya robo mwaka kwa miaka miwili iliyopita, hasa za miezi ya Januari hadi Machi, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira. Abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kutoka hapo.